Kwenye kioo alikuwa malaika, kwenye picha katoka kama kapakwa chokaa: kosa la mpambaji au la mpiga picha?

Kidoti #1
Habari za humu wadau. Niende moja kwa moja maana nyumbani hapakaliki. Dada yangu kaolewa wiki 3 zilizopita, asubuhi nilikuwepo anapambwa, kioo nimemshikia mimi mwenyewe, yaani alitoka mzuri hadi machozi yakanitoka. Juzi picha zimekuja. Wadau, sura ya majivu! Chini ya macho kuna miezi miwili mieupe, kwenye paji la uso weupe, pembeni ya pua weupe, af shingo rangi yake ya siku zote. Kuna moja ya usiku ukumbini utadhani kichwa cha mtu mwingine kimewekwa juu ya gauni lake. Mama anasema kosa la mpambaji, mpambaji anasema kosa la mpiga picha, mpiga picha anasema kamera yake haijui kupaka poda. Wajuzi njooni mnieleze, na zamu yangu nayo inakuja, sitaki yanikute. Natanguliza shukrani.

NimekaaPale #2
"Kamera yake haijui kupaka poda" 😂😂 huyo jamaa simlaumu hata kidogo. Siti ya mbele, nasubiri wajuzi.

BrashiMbili #3
Mleta uzi pole. Napamba mwaka wa 9 sasa, hiyo miezi miwili uliyoitaja naijua kama jina langu. Ni poda. Ile poda laini nyeupe inayouzwa kama haina rangi, nyingi ni silika, yaani unga laini wa madini. Mpambaji anaijaza chini ya macho, kwenye paji na pembeni ya pua, anaiacha dakika kadhaa ikae ndo anaipangusa, wenyewe tunaita bekingi. Ukiangalia hizo sehemu ulizotaja ni zilezile tunazobeki, sio bahati mbaya. Kwenye kioo huioni kwa sababu mwanga wa chumbani unakuja kutoka pande zote, ila flashi inatoka usawa wa kamera, inagonga ile poda iliyobaki na inarudi ilikotoka. Mpambaji alipaswa kuchukua simu, azime taa, ampige dada picha 1 na flashi kabla hajamwachia. Sekunde 10 tu. Mimi bibi harusi hatoki mikononi mwangu bila hiyo picha.

ChapChap #4
Hapana, hiyo ni sanskrini, ile krimu ya kukinga jua. Mimi ilinikuta kwenye mahafali, sikuwa hata na poda, nilipaka sanskrini af faundesheni yenye SPF (kinga ya jua) juu yake, picha zote za usiku natisha. Dada alipaka nini kabla ya mekapu?

MzeeFlashi #5
Nije kuwatetea wenzangu kidogo maana naona kesi inaelekea upande mmoja. Bibi harusi kavaa nyeupe, bwana harusi kavaa nyeusi, hao wawili wamesimama pamoja. Kamera ukiiachia ijipimie mwanga yenyewe inataka kila kitu kiwe cha katikati, si cheupe si cheusi. Ikiona gauni jeupe limejaa inapunguza mwanga, uso unakuwa giza. Ikiona suti nyeusi imejaa inaongeza, uso unaungua. Sasa ukumbini kuna taa za njano, kuna zile taa za zambarau za kwenye mapazia, na flashi ambayo ni nyeupe kama jua la mchana. Rangi tatu kwenye uso mmoja! Mpiga picha anayejua anaelekeza flashi juu kwenye dari ili mwanga ushuke mpole, asiyejua anamulika uso kwa uso. Kwa hiyo poda inaweza kuwepo, ila aliyeifichua ni flashi ya kumulika moja kwa moja.

NimekaaPale #6
Kwa hiyo mzee unakubali kosa la mpiga picha?

MzeeFlashi #7
Nimesema kuwatetea KIDOGO.

ChemshaBongo #8
Post #4 iko sawa nusu. Zile sanskrini za madini zina titani dioksidi au zinki oksidi, ni unga mweupe kabisa, na kweli zinarudisha mwanga. Lakini titani dioksidi hiyohiyo imo karibu kwenye kila faundesheni hata isiyo na SPF, ndo rangi nyeupe wanayochanganyia, geuza boksi tafuta CI 77891 utaiona. Nyekundu, njano na nyeusi zinatoka kwenye oksidi za chuma, CI 77491, 77492 na 77499. Kwa hiyo kusema "SPF = picha nyeupe" ni kurahisisha mno. Kuna sanskrini zisizo na hayo madini kabisa, zinameza mionzi ya jua, hizo kwenye flashi huwa hazina shida. Swali ni iko ipi, iko kiasi gani, na imekaa juu au chini ya rangi.

ChapChap #9
Sawa profesa 🙄 ila mimi natisha kwenye picha na sababu naijua.

BiShungi #10
Mbona wote mmekimbilia weupe wa chini ya macho, yeye kasema SURA YA MAJIVU. Majivu ni shedi, yaani rangi ya faundesheni isiyoendana na ngozi. Ngozi nyeusi haina rangi moja, kuna nyeusi ya wekundu ndani, kuna ya njano, kuna ya katikati. Ukimpaka mtu mwenye wekundu ndani faundesheni isiyo na wekundu, hata ikiwa na giza lilelile, anatoka kama kuni iliyozimwa. Na wapambaji wengi wana tabia ya kumng'arisha bibi harusi shedi mbili juu eti apendeze. Zamani tulikuwa na kisingizio, shedi zenyewe hazikuwepo, lakini tangu kampuni ya vipodozi ya Fenty Beauty waje na shedi 40 mwaka 2017 na wengine wakafuata, mtu kutoka na uso wa kijivu ni uvivu. Shedi ijaribiwe kwenye taya ishuke hadi shingoni, dirishani, mchana. Sio mgongo wa mkono. Mkono hauolewi.

NimekaaPale #11
"Mkono hauolewi" hii naondoka nayo.

Mkwe_Mtarajiwa #12
Mimi nilisikia faundesheni ikikaa usoni inabadilika rangi baada ya masaa, inaitwa kuoksidaizi. Asubuhi ilikuwa poa, usiku ikawa imeharibika. Si ndo hiyo?

BiShungi #13
@Mkwe_Mtarajiwa hiyo ikibadilika inakwenda kwenye giza au rangi ya chungwa, mafuta ya uso yakichanganyika nayo. Haiendi kwenye majivu. Hapo umechemka mdogo wangu.

Mkwe_Mtarajiwa #14
Nashukuru, nimerudi kwenye kiti changu.

Kidoti #15
Jamani asanteni, sikutegemea uzi utakimbia hivi. Nimekaa na dada tumezipitia picha moja moja, nawaletea ushahidi:
Za mchana nje bila flashi, ile miezi chini ya macho HAIPO. Lakini uso bado una ukijivu fulani ukilinganisha na shingo na mikono.
Za ukumbini miezi ipo, na paji kwa juu kabisa, pale nywele zinapoanzia, kuna mstari mweupe kama wa chumvi.
Nilizopiga mimi kwa simu yangu asubuhi anapambwa, poa kabisa, hakuna kitu.
Sanskrini alipaka ndio, ila jina la sanskrini kasahau na kopo limeisha.

BrashiMbili #16
Umeona? Bila flashi hamna, na flashi ipo. Poda. Nafunga kesi.

BiShungi #17
Unafunga kesi gani na kasema za mchana bado ana ukijivu! Flashi haikuwepo hapo. Shedi!!

MzeeFlashi #18
Na simu yake msiiamini. Simu nyingi siku hizi zinalainisha uso zenyewe hata hujaziambia, unadhani umepiga picha kumbe umechorewa. Tena chumba cha kupambia kina balbu za njano, njano inampendeza kila mtu. Hata huyo mpambaji kama alichagua shedi chini ya balbu ya njano basi alidanganyika kihalali, akitoka nje kwenye jua ndo ukweli unajulikana. Siku hizi mpambaji nikimkuta kamkalisha bibi harusi akitazama dirisha najua kazi yangu itakuwa nyepesi.
Halafu kuna jambo la uhariri. Uliza kama hizo picha zimeng'arishwa kwenye kompyuta. Ukivuta mwanga wa picha nzima ili uso uonekane, wekundu wa ngozi ndo unaoondoka wa kwanza. Enzi za filamu ilikuwa mbaya zaidi, Kodak walikuwa wanasambaza kadi ya kupimia rangi maabara, na aliyekuwepo kwenye hiyo kadi ni mwanamke mweupe. Sisi tulisafishwa kwa vipimo vyake miaka na miaka.

ChemshaBongo #19
Hiyo ya kadi ni kweli. Ila mzee usiilaumu Kodak kwa harusi ya wiki 3 zilizopita 😂

MamaVibanio #20
Nimesoma kimya hadi hapo aliposema mstari kama wa chumvi kwenye nywele. Mwanangu Kidoti, dada alivaa wigi?

Kidoti #21
Alivaa shikamoo mama. La lesi, lile lenye wavu mwembamba mbele, walibandika kwa gundi.

MamaVibanio #22
Marahaba. Basi huo mstari sio poda, ni gundi. Gundi nyingi za lesi zinapakwa zikiwa nyeupe, zinakauka zinakuwa kama kioo huzioni. Zikipata jasho zinarudi nyeupe. Bibi harusi kacheza, kakumbatiwa na watu wengi, kavishwa shela kichwani joto limejaa, gundi imelia. Ama fundi hakusubiri ikauke, alipaka safu ya kwanza mbichi akaongeza ya pili mbichi akabandika. Inatakiwa safu nyembamba, isubiriwe iwe wazi kabisa, ndo nyingine. Na kabla ya gundi paji lifutwe mafuta, sasa kama mpambaji wa uso alishapita na praima (ile ya kutangulia faundesheni) na sanskrini hadi kwenye nywele, gundi itashika nini?

Hapo ndo ule ubishi wa nywele kwanza au uso kwanza. Mimi nasema nywele kwanza, zifungwe, zipulizwe spreya, halafu uso. Ukimaliza uso ndo ukapuliza spreya ya nywele unampa mtu ngozi ya plastiki.

BrashiMbili #23
Shikamoo mama. Hapo tutakosana kidogo, draya na pasi ya nywele baada ya uso zinayeyusha kazi yangu kweli, lakini nywele zikimalizwa kwanza mimi napataje paji? Napaka nazunguka kama nachora ramani. Bora nywele zianze hadi robo tatu, za mbele ziachwe zimebanwa kwa vile vibanio bapa visivyoacha alama, uso upite, mwisho za mbele zimaliziwe.

MamaVibanio #24
Marahaba. Sawa, robo tatu nakubali. Ila pasi ya mwisho ifanywe na mtu mwenye mkono mtulivu.

Na nyie mnaojiandaa naomba niwaeleze haya kabla sijalala. Dawa ya kulainisha nywele msiweke siku moja kabla. Ile kitu ni kali, pH yake ni 12 na zaidi, ngozi ya kichwa ikichubuka utapambwa juu ya kidonda. Weka wiki moja au mbili kabla, na siku hiyo usichanganye na rangi ya nywele. Kusuka kwa kukaza hadi macho yanavutika sio urembo, vipele vikitoka kwenye kingo kila picha itavionyesha na nywele za mbele zikizoea kuvutwa zinaondoka hazirudi. Halafu vibanio vile vya chuma vyenye mawimbi upande mmoja, upande wa MAWIMBI unalala kwenye kichwa. Nusu ya watu wanavaa kinyume, mawimbi juu, wanafikiri ni pambo, ndo maana vinateleza. Mawimbi ndo meno yake. Shela lako likiwa zito suka kwanza mkia mdogo wa bapa pale juu, kitana cha shela kikae kwenye huo mkia, hakitatoka hata uvutwe na mtoto.

NimekaaPale #25
Miaka 34 duniani leo ndo naambiwa kibanio kina juu na chini.

Mkwe_Mtarajiwa #26
Nimekichukua cha mke mtarajiwa nikakiangalia. Kweli kina meno. Nimemwambia avae kinyume na alivyovaa kaniuliza nimesomea wapi.

Sauti_ya_Nyuma #27
Wanaume hawazungumzwi kwenye huu uzi au sisi hatumo kwenye picha? Mimi siku yangu nilinyoa ndevu asubuhi ileile, saa 10 jioni shingo ina vipele kama nimeumwa na siafu, kola nyeupe ina damu. Na uso unang'aa mafuta, mke wangu kakauka kwa poda mimi pembeni kama balbu. Shemeji zangu hadi leo wananiita Taa.

MzeeFlashi #28
Kaka Taa pole 😂 Nyoeni siku moja kabla jamani. Na mbebe zile karatasi laini za kunyonya mafuta, au hata tishu, unagusa tu hufuti. Bwana harusi anayeng'aa ananifanya nipunguze flashi kwa ajili yake, nikipunguza bibi harusi anazama.

ChapChap #29
Turudi kwenye mada. Hivi hakuna aliyefikiria kwamba sanskrini na faundesheni zilikataana? Mimi mpambaji mmoja aliniambia ukiweka praima ya silikoni chini na faundesheni ya maji juu inajikunja inatoka vipande kama ukisugua raba kwenye daftari. Uso ukipasuka hivyo poda inajaa kwenye nyufa.

ChemshaBongo #30
Kujikunja ni kweli kunatokea, nimeona kwenye uso wangu mwenyewe. Ila hiyo sheria ya silikoni na maji watu wanaikariri kama aya. Faundesheni nyingi zina vyote viwili ndani yake, maji na silikoni vimechanganywa. Mara nyingi kinachofanya zijikunje ni kupaka haraka juu ya kitu kibichi, na kupaka nyingi, na kusugua badala ya kugonga na sponji. Subiri dakika kadhaa kati ya kila tabaka.

BrashiMbili #31
Hapo profesa unasema kweli, ila waambie pia mabibi harusi. Mtu anakuja kachelewa saa zima na nusu, af anataka kila tabaka lisubiriwe. Anakuja na fulana ya shingo ndogo, tumemaliza uso anaivua kwa kupitishia kichwani, nusu ya faundesheni imebaki kwenye fulana! Vaeni shati la vifungo jamani. Vifungo mbele. Nimelilia hili miaka 9.

Na ya machozi maana najua Kidoti utalia: usifute. Kunja tishu iwe na ncha, angalia juu, ingiza ncha pale kwenye kona ya jicho inyonye. Ukifuta kwa kiganja umechora barabara. Na kope za bandia zijaribiwe siku kadhaa kabla, gundi nyingine zina mpira ndani, kama ngozi yako haiupendi utaamka na macho ya chura siku ya siku. Gundi ya wigi hivyohivyo, weka kidogo nyuma ya sikio usubiri siku 2.

BiShungi #32
Yote sawa lakini bado hamjanijibu ukijivu wa mchana.

MzeeFlashi #33
Kivuli. Picha za mchana bibi harusi huwa anawekwa chini ya mti ili asikunje macho. Chini ya mti mwanga ni wa kibuluu na majani yanatupa kijani. Gauni jeupe likitokea vizuri ngozi inaonekana imezimika.

BiShungi #34
Na shingo yake je, haikuwa chini ya mti??

MzeeFlashi #35
…

NimekaaPale #36
Mzee kakaliwa.

MzeeFlashi #37
Sijakaliwa. Kidevu kinatupia shingo kivuli chake. Na gauni linarudisha mwanga mweupe usoni kutokea chini. Shingo na uso havipati mwanga sawa, kamuulize yeyote anayejua taa.

BiShungi #38
Na mikono aliyosema imetoka poa?

Kidoti #39
Wadau nimerudi, nimefanya jaribio. Mpambaji (sasa hivi ndo tumeanza kusalimiana tena) kanipa ile ile poda na ile ile faundesheni kwenye vijikopo. Nimempaka dada nusu uso na poda, nusu bila. Tumezima taa, flashi ya simu. Upande wa poda chini ya jicho paling'aa kweli, kwa hiyo dada BrashiMbili uko sahihi. Lakini upande USIO na poda nao una ukijivu, sio mweupe ila umefifia, kwa hiyo Bi Shungi na wewe uko sahihi. Gundi hatujajaribu maana dada kagoma kabisa kubandikwa tena. Tulipotoka nje dirishani ukijivu ukapungua, kwa hiyo Mzee Flashi sijui nikuweke wapi.

MzeeFlashi #40
Niweke palepale. Mwanga.

ChemshaBongo #41
Jaribio halina sanskrini. Halijakamilika.

ChapChap #42
ASANTE.

Mkwe_Mtarajiwa #43
Sasa hizo picha anazifanyaje? Harusi hairudiwi.

Kidoti #44
Mpiga picha kasema atazirudia kwenye kompyuta, atarudisha wekundu na kupunguza chini ya macho kwa zile kubwa 20 tu. Zilizobaki dada kasema azigeuze nyeusi na nyeupe zote.

BrashiMbili #45
Mwambie asubiri kwanza. Kwenye nyeusi na nyeupe hiyo miezi miwili itang'aa zaidi.